Kupakua Faili la Usakinishaji la Linux na Kulihakiki: Mwongozo kwa Watumiaji wa Unguja na Pemba

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, kuna kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima lakini hazikidhi masharti ya Windows 11. Zipo katika skuli, katika ofisi za shehia, katika maduka ya stesheneri na majumbani mwetu, na wenyewe hawana sababu ya kuzitupa. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, ni njia nzuri ya kuziendeleza, kwa kuwa haina malipo, ni nyepesi kwa mashine za zamani, na inaendelea kupata marekebisho ya usalama.

Mwongozo huu unahusu kazi inayotangulia usakinishaji, yaani kulipata faili la ISO, lile faili moja kubwa lililobeba diski nzima ya usakinishaji, likiwa kamili na likiwa limetoka kweli kwa waliolitengeneza. Watu wengi huiruka kazi hii kwa kuidhania kuwa ni ya wataalamu peke yao. Kwa hapa visiwani naiona ni ya lazima zaidi kuliko kwingine, kwa sababu mafaili makubwa hayasafiri kwa mtandao tu. Mmoja hupakua Mjini, mahali penye mtandao wa kasi, akamwekea mwenzake kwenye flashi. Flashi ikapanda boti kutoka Malindi hadi Mkoani, ikafika Chake Chake, na kutoka hapo faili likanakiliwa Wete, Konde na Micheweni na watu ambao hawakuliona likipakuliwa. Katika kila kituo faili linaweza kuharibika, na katika kila kituo mtu mwenye nia mbaya, au mwenye kompyuta iliyojaa virusi bila yeye kujua, anaweza kulibadilisha. Anayelipokea wa mwisho hana cha kumhakikishia isipokuwa uhakiki atakaoufanya mwenyewe.

Kuchagua faili

Nitatumia Linux Mint toleo la 22, aina ya Xfce, kuwa mfano wa kazi yote. Ni aina inayofaa kwa kompyuta zenye RAM ya gigabaiti 4, na hata gigabaiti 2 kwa shida kidogo. Toleo hilo limepangiwa marekebisho hadi mwaka 2029. Na faili lake halifiki gigabaiti 4, jambo ambalo faida yake itaonekana tutakapofika kwenye flashi. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu imejengwa juu ya Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kwa hiyo atakayechagua Ubuntu au Debian anaweza kufuata hatua hizi hizi, akabadilisha majina ya mafaili tu. Akiona neno amd64 katika jina la faili asishituke kwa kuwa kompyuta yake ni ya Intel: neno hilo linataja prosesa zote za biti 64 za aina hiyo, ziwe za AMD au za Intel.

Debian ina faili dogo liitwalo netinst, la megabaiti mia kadhaa tu, na wengi hulipenda kwa kudhani kuwa litawaokolea bando. Haliokoi. Sehemu kubwa ya mfumo hupakuliwa wakati wa kusakinisha, na mtandao ukikatika katikati ya usakinishaji unabaki na kazi ya nusu. Kwa mtu wa Pemba anayesakinisha kompyuta nne za skuli kwa kutumia data ya simu, ninapendekeza faili kubwa linalopakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao.

Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, linuxmint.com, badala ya kufuata kiungo kilichosambazwa katika kundi la WhatsApp au tangazo lililotokea juu ya matokeo ya utafutaji. Ukifika kwenye ukurasa wa kupakua utakuta orodha ya seva za nakala zilizopangwa kwa nchi. Seva ya Kenya au ya Afrika Kusini mara nyingi itakupa kasi nzuri kuliko ya mbali, ingawa si sheria, kwa hiyo ijaribu kwa dakika moja na ukiona inasuasua hamia nyingine. Usiwe na wasiwasi juu ya nani anaimiliki seva hiyo. Uhakiki utakaofuata ndio utakaosema kama alichokupa ni halali.

Chukua mafaili matatu, si moja: faili la ISO lenyewe, faili dogo la maandishi liitwalo sha256sum.txt, na jingine dogo liitwalo sha256sum.txt.gpg. Hayo mawili ya mwisho ni ya kilobaiti chache tu, na ndiyo yanayosahauliwa kila mara. Kwa Ubuntu majina yake ni SHA256SUMS na SHA256SUMS.gpg, na kwa Debian ni SHA256SUMS na SHA256SUMS.sign.

Kupakua bila kupoteza bando

Faili la karibu gigabaiti 3 lisipakuliwe kwa kivinjari ikiwa mtandao wako hukatika au bando lako linaweza kuisha njiani. Vivinjari hujaribu kuendelea pale vilipoishia, lakini mara nyingi hushindwa na kuanza upya, na gigabaiti mbili ulizokwisha kuzilipia zikapotea. Tumia programu inayoweza kuendelea kwa uhakika. Kwenye kompyuta ambayo tayari ina Linux, fungua dirisha la amri (terminal) uandike:

    wget -c ANWANI-YA-FAILI

Alama ya -c ndiyo inayoiagiza programu iendelee pale ilipokomea. Umeme ukikatika, ukarudi, andika amri hiyo hiyo katika folda ile ile, na upakuaji utaendelea. Kwenye Windows 10 au 11 hakuna haja ya kusakinisha kitu, kwa kuwa programu ya curl imo ndani yake:

    curl.exe -L -C - -O ANWANI-YA-FAILI

Njia iliyo bora zaidi kwa mazingira yetu ni torenti, yaani kulipata faili kutoka kwa watumiaji wengine wengi walio nalo. Kwenye ukurasa wa kupakua kuna kiungo cha torenti, na programu kama Transmission au qBittorrent hulipakua faili vipande vipande na kukagua kila kipande kinapofika. Kilichoharibika hukitupa na kukiomba tena. Zima kompyuta, iwashe kesho, kazi itaendelea. Jambo moja la kuangalia ni kwamba torenti pia hutuma data kwa wengine, na data inayotoka huhesabiwa kwenye bando lako kama ile inayoingia, kwa hiyo weka kikomo kidogo cha kutuma katika mipangilio, na uifunge programu kazi ikimalizika.

Kuna hitilafu moja inayowapata watu wanaotumia Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi inayotaka kuingia kwa neno la siri. Muda wa matumizi ukiisha, mtandao huo haukatiki tu. Huituma kompyuta kwenye ukurasa wa kuingilia, na programu ya kupakua huuhifadhi ukurasa huo kwa jina la faili ulilolitaka. Unakuta faili lenye jina sahihi la ISO lakini ukubwa wake ni kilobaiti chache. Tazama ukubwa kwanza kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Heshi: je, faili limefika kamili?

Ukubwa kuwa sawa hautoshi. Mkulima wa karafuu anajua kwamba gunia linaweza kutimiza uzani wake kwenye mizani na ndani yake mkawa na makonyo. Vivyo hivyo faili linaweza kuwa na idadi kamili ya baiti na baadhi ya baiti hizo zikawa si zenyewe. Kipimo tunachokihitaji ni kile kinachoangalia kila baiti, nacho ni heshi.

Heshi ya aina ya SHA-256 hupatikana kwa kulipitisha faili zima katika hesabu maalumu, na matokeo yake huwa biti 256, ambazo huandikwa kwa alama 64 zinazotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Faili liwe la baiti moja au la gigabaiti 6, heshi yake ni alama 64. Ukibadilisha biti moja tu katika faili, karibu nusu ya biti za heshi hubadilika, na heshi mpya haifanani na ya zamani kwa namna yoyote. Hakuna anayejua njia ya kutengeneza faili jingine litakalotoa heshi ile ile ya SHA-256.

Zamani MD5 ilitumika kwa kazi hii, na bado utaikuta katika baadhi ya kurasa. Mwaka 2004 watafiti wa China wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha mafaili mawili tofauti yenye heshi moja ya MD5, na mwaka 2017 Google pamoja na taasisi ya CWI ya Amsterdam wakafanya hivyo kwa SHA-1. MD5 bado inaweza kukuonyesha kuwa faili limeharibika kwa bahati mbaya, lakini usiitegemee dhidi ya mtu aliyekusudia. Penye SHA-256 tumia SHA-256.

Weka mafaili yote matatu katika folda moja, ingia katika folda hiyo kwa dirisha la amri, kisha andika:

    sha256sum -c --ignore-missing sha256sum.txt

Programu itasoma faili zima, kazi inayoweza kuchukua dakika moja au zaidi katika kompyuta yenye diski ya zamani, kisha itaandika jina la faili na neno OK mbele yake. Maneno --ignore-missing yanahitajika kwa sababu orodha ile ina heshi za aina zote za Mint, na wewe umechukua moja tu. Bila maneno hayo utapata malalamiko juu ya mafaili ambayo hukuyataka. Jina la faili lazima libaki kama lilivyo kwenye orodha. Aliyelipa jina jipya, kwa mfano "mint ya skuli.iso", ataambiwa kuwa hakuna faili lililohakikiwa. Nyota ndogo iliyo kabla ya jina la faili katika orodha si kosa. Inaonyesha tu kwamba faili limesomwa kama data ghafi.

Kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, katika folda hiyo, uandike amri ifuatayo, ukiweka ndani ya alama za nukuu heshi uliyoinakili kutoka sha256sum.txt:

    (Get-FileHash .\linuxmint-22-xfce-64bit.iso).Hash -eq "HESHI-ULIYOINAKILI"

Jibu likiwa True, heshi ni sawa. Ninapendekeza njia hii badala ya kulinganisha kwa macho, kwa sababu jicho la mtu aliyechoka hutazama alama nne za mwanzo na nne za mwisho, likaridhika. Mshambuliaji anaweza kutengeneza faili ambalo alama chache za heshi yake zinafanana na zile za asili. Zote 64 hawezi. Mtumiaji wa Mac ataandika shasum -a 256 na jina la faili, kisha atalinganisha.

Kuna heshi moja inayofaa kutambulika kwa sura. Ukiona matokeo yafuatayo, faili unalolipima ni tupu, halina hata baiti moja, na kilichotokea ni kwamba upakuaji haukuanza kabisa au diski imejaa:

    e3b0c44298fc1c149afbf4c8996fb92427ae41e4649b934ca495991b7852b855

Ikiwa heshi haikulingana, usikimbilie kufuta. Pima tena mara ya pili. Ikiwa heshi ya pili ni tofauti na ya kwanza, basi kosa halimo katika faili; RAM au diski ya kompyuta ndiyo inayoleta data isiyo sawa kila inaposomwa, na kompyuta hiyo inahitaji kuchunguzwa kabla ya kuaminiwa kwa kazi yoyote. Ikiwa heshi ni ile ile mbaya mara zote mbili, faili ndilo lililoharibika, na hapa torenti huokoa fedha. Liweke faili bovu katika folda ya torenti, fungua torenti ya toleo lile lile, kisha iamuru programu ikague upya data iliyopo. Itavipima vipande vyote, itavitambua vilivyoharibika, na itapakua hivyo tu. Faili la gigabaiti 3 lenye dosari sehemu moja hutengenezwa kwa megabaiti chache. Amri ya wget -c haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu yenyewe huongeza mwishoni tu na haijui kilichomo katikati.

Sahihi: je, faili limetoka kwa nani?

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe na subira, kwa kuwa ndipo wengi wanapoishia njiani wakidhani wamemaliza. Heshi imekuambia kuwa faili ulilonalo ni lile lile lililotajwa katika orodha. Haikukuambia nani ameiandika orodha.

Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kukibadilisha kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, kikawa kinawapeleka watu kwenye seva iliyokuwa Bulgaria. Faili lililokuwa huko lilikuwa Linux Mint kweli, lakini ndani yake walitia programu hasidi iitwayo Tsunami, inayomwezesha mtu wa mbali kuiamrisha kompyuta. Clement Lefebvre, kiongozi wa mradi, alitangaza habari hiyo waziwazi, na tovuti ikafungwa kwa muda ili isafishwe. Fikiri juu ya mtu aliyepakua siku hiyo. Anwani aliyoiandika ilikuwa sahihi, ukurasa ulikuwa wenyewe, na mwenye uwezo wa kubadilisha kiungo katika ukurasa ana uwezo pia wa kubadilisha heshi iliyoandikwa katika ukurasa huo huo. Uhakiki wa heshi peke yake unaweza kumpa mtu kama huyo utulivu asiostahiki kuwa nao.

Dawa yake ni sahihi ya kidijitali. Watengenezaji wana ufunguo wa siri ambao hauwekwi kwenye tovuti, na kwa ufunguo huo hutia sahihi orodha ya heshi. Wewe unachukua ufunguo wao wa wazi, ambao kila mtu anaruhusiwa kuwa nao, na kwa huo unaweza kuthibitisha kuwa sahihi ile imetiwa na mwenye ufunguo wa siri na kwamba hakuna herufi iliyobadilika tangu alipoitia. Mvamizi aliyeiteka tovuti anaweza kubadilisha kila kitu kilichomo isipokuwa kutia sahihi hiyo.

Programu inayofanya kazi hii ni GnuPG, ambayo imo katika karibu kila aina ya Linux. Kwenye Windows husakinishwa kwa kifurushi kiitwacho Gpg4win. Kwanza lete ufunguo wa Mint:

    gpg --keyserver hkps://keyserver.ubuntu.com:443 --recv-key 27DEB15644C6B3CF3BD7D291300F846BA25BAE09

Kisha tazama alama ya kidole ya ufunguo ulioupokea:

    gpg --list-key --with-fingerprint 27DEB15644C6B3CF3BD7D291300F846BA25BAE09

Alama ya kidole ni alama 40 zilizogawanywa katika mafungu kumi ya nne nne, nayo kwa ufunguo wa Linux Mint ni hii:

    27DE B156 44C6 B3CF 3BD7 D291 300F 846B A25B AE09

Usiitegemee kwa kuwa imeandikwa hapa tu. Ilinganishe na iliyomo katika mwongozo wa usakinishaji wa Linux Mint wenyewe, halafu iangalie kwa njia nyingine isiyohusiana na ya kwanza: kwa data ya simu ikiwa mara ya kwanza ulitumia Wi-Fi, au kwa mtu ambaye alikwisha kuihifadhi miaka iliyopita. Ukiridhika, iandike kwenye daftari kwa kalamu. Imani yote uliyoihitaji kwa ajili ya seva za nakala, flashi za watu, boti na maduka sasa imekusanyika katika alama hizi 40, na ndizo pekee zinazostahiki kulindwa. ISO yenyewe, orodha na hata faili la sahihi unaweza kuvipokea kutoka kwa mtu usiyemjua.

Sasa hakiki:

    gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt

Matokeo huja kwa Kiingereza, na mistari ya kuitafuta ni miwili. Mmoja una maneno Good signature pamoja na jina la ufunguo, maana yake sahihi ni halali. Wa pili, ulio chini kabisa, unaanza na Primary key fingerprint na unaonyesha alama ya kidole. Ulinganishe na daftari lako fungu kwa fungu. Katikati utakuta onyo lenye neno WARNING, linalosema kwamba ufunguo haujathibitishwa kwa sahihi inayoaminika. Onyo hilo huwatisha watu wengi wakaacha kazi hapo hapo. Maana yake ni kwamba GnuPG haijui kama wewe umemthibitisha mwenye ufunguo. Kazi hiyo umeifanya kwa kulinganisha alama ya kidole, na programu haiwezi kujua hivyo. Endelea.

Ukikuta No public key, ufunguo haujaingia katika kompyuta yako, basi rudia hatua ya kuuleta. Ukikuta BAD signature, simama. Pakua upya mafaili mawili madogo, kwa sababu huenda kihariri cha maandishi kiliongeza au kuondoa kitu ulipolifungua na kulihifadhi sha256sum.txt. Ikiwa jibu limebaki lile lile, faili hilo la ISO lisitumike wala lisigawiwe kwa mtu mwingine.

Nasisitiza jambo moja ambalo hata wazoefu hulikosea. Amri ya gpg --verify imeihakiki orodha ya heshi. Haikuligusa faili la ISO. Amri ya sha256sum -c imeihakiki ISO kwa kutumia orodha. Moja bila ya nyingine ni mnyororo uliokatika katikati. Mimi huanza na sahihi kisha heshi, ili nisiipime ISO kwa orodha ambayo bado sijaithibitisha.

Faili linapovuka bahari

Unapompa mwenzako faili, mpe folda yenye mafaili yote matatu, na mwambie ahakiki kwenye kompyuta yake baada ya kunakili, si kwenye yako kabla. Flashi nyingi zinauzwa zikiwa zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufika gigabaiti 4. ISO ya Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani ni karibu gigabaiti 6, na flashi ya gigabaiti 32 iliyo tupu kabisa itaikataa ikiwa imeandaliwa hivyo. Watu huidhania flashi kuwa mbovu, kumbe inahitaji tu kuandaliwa upya kwa mfumo wa exFAT, kazi ambayo hufuta vyote vilivyomo. Mint ya Xfce hupita bila taabu hiyo. Usiichomoe flashi kabla kompyuta haijakuambia kuwa ni salama, kwani sehemu ya mwisho ya faili huwa bado imo katika kumbukumbu hata pale mstari wa kunakili unapoonekana umefika mwisho.

Ufunguo usisafiri katika flashi hiyo hiyo ukiwa ndio tegemeo. Aliyeweza kubadilisha ISO njiani angeweza kuweka na ufunguo wake. Ikiwa anayepokea hana mtandao kabisa, mtumie ufunguo ndani ya faili, kisha mpigie simu. Atafungua gpg --list-key kwake, nawe utafungua daftari lako, mkasomeana: mbili, saba, D, E, B, moja, tano, sita, hadi fungu la kumi. Simu ya dakika mbili kati ya Mjini na Wete inatosha, na mkishafanya hivyo mara moja hamtahitaji tena kwa matoleo yajayo, maadamu mradi unaendelea kutumia ufunguo huo huo.

Kuandika kwenye flashi na kukagua kilichoandikwa

Kunakili faili la ISO ndani ya flashi kama unavyonakili picha hakutaifanya kompyuta iwake kwayo. Inabidi liandikwe kwa programu maalumu. Kwenye Windows tumia Rufus, ambayo itakuuliza kama unataka kuandika kwa njia ya ISO au ya DD. Njia ya DD huliandika faili kama lilivyo, baiti kwa baiti; ichague ikiwa unakusudia kukagua kama nitakavyoeleza. Kwenye Linux, kwanza tambua jina la flashi kwa amri ya lsblk, ukitazama ukubwa wake kwa makini, kwa kuwa amri inayofuata hufuta kila kilichomo katika kifaa ulichokitaja na haiulizi mara ya pili. Badilisha X iwe herufi ya flashi yako:

    sudo dd if=linuxmint-22-xfce-64bit.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Ikimaliza, ichomoe flashi na uichomeke tena ili kompyuta isome kutoka kwenye flashi yenyewe na si kutoka kwenye kumbukumbu yake. Hakikisha kwa lsblk kwamba jina halikubadilika, kisha linganisha:

    sudo cmp -n $(stat -c %s linuxmint-22-xfce-64bit.iso) linuxmint-22-xfce-64bit.iso /dev/sdX

Amri ikinyamaza bila kuandika neno, flashi ina kila baiti ya faili lililohakikiwa. Ikitaja baiti iliyotofautiana, andika upya mara moja. Tofauti ikirudi, badilisha flashi: zipo flashi za bei rahisi ambazo kwa nje zimeandikwa gigabaiti 64 na ndani zina nafasi ndogo sana kuliko hiyo, na zinapojaa huendelea kupokea data bila kuihifadhi. Ulinganisho huu ufanywe kabla ya kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, kwa sababu Linux Mint inapowaka kutoka kwenye flashi inaweza kuandika katika nafasi iliyobaki, na baada ya hapo cmp itaonyesha tofauti ambayo si dosari. Kwa flashi iliyokwisha kutumika, orodha ya mwanzo inayotokea kompyuta inapowaka ina chaguo la kukagua uzima wa diski ya usakinishaji. Lichague hilo, subiri limalize, ndipo uanze kusakinisha.